Folda Iliyogoma Kufutika: Programu Imeondoka, Masalia Yamebaki

"Imekataa tu, fundi."

Hilo ndilo jibu ninalopewa karibu kila siku. Meza yangu iko upande wa soko la Sabasaba hapa Dodoma, na wanaokuja ni wa kila aina: mwanafunzi aliyeshuka kutoka chuo kikuu, mama mwenye duka Majengo, karani ambaye mapumziko yake ya mchana yanaisha baada ya dakika ishirini. Kisa chao ni kimoja. Programu imeondolewa kwenye Windows, jina lake halimo tena kwenye orodha, lakini folda yake imekaa palepale ndani ya Program Files, na kila ukibonyeza Delete inakugomea. Nikiuliza kompyuta ilisema nini ilipogoma, naambiwa imekataa tu.

Haijakataa tu. Windows ikigoma kufuta huandika sababu, na sababu hizo hazifanani. Kuna folda iliyoshikwa na programu nyingine, kuna isiyo mali yako, kuna yenye jina bovu, na kuna inayofutika vizuri kabisa halafu kesho asubuhi unaikuta imerudi. Dawa ya moja ukiinywesha nyingine utapoteza mchana mzima, tena huenda ukaharibu kilichokuwa kizima. Kwa hiyo jaribu kuifuta mara moja zaidi, na safari hii usifunge kidirisha kwa hasira. Soma kichwa chake na maneno ya chini yake, ikibidi kipige picha kwa simu. Huku mbele nitakwenda kwa kufuata maneno hayo.

Kwanza fungua uone ndani

Mama mmoja wa duka la jumla aliwahi kuniletea kompyuta akitaka nimfutie folda ya programu ya hesabu aliyoacha kuitumia. Mpwa wake alikuwa ameshajaribu kwa nguvu akashindwa, na nashukuru alishindwa. Ndani yake kulikuwa na faili moja kubwa, nalo ndilo lililokuwa daftari lake lote la mauzo. Programu nyingi zikiondolewa huacha data ya mwenyewe makusudi, kwa kudhani huenda atairudia siku moja. Kwa hiyo nakili folda nzima kwenye fleshi kabla ya lolote. Ikikubali kunakiliwa, una pa kurudi.

Masalia hukaa sehemu nne au tano: Program Files, Program Files (x86), ProgramData, na zile mbili zilizo ndani ya AppData ya mtumiaji, yaani Local na Roaming. ProgramData na AppData zimefichwa, lakini ukiandika %ProgramData% au %AppData% kwenye upau wa anwani wa dirisha la mafaili, utafika. Ziko nyingine zinafanana na masalia na si masalia. Common Files hutumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Package Cache iliyo ndani ya ProgramData na Installer iliyo ndani ya C:\Windows ndizo zinazotumika siku unapotaka kukarabati au kuondoa programu nyingine. WindowsApps ni ya programu za Microsoft Store. Hizo ziache, hata kama diski imejaa hadi kooni.

Na kama folda ni tupu, haina hata kilobaiti moja, jiulize kama inastahili jasho lako. Mimi mwenyewe ninazo mbili tatu za namna hiyo na hatugombani.

Kuzima si kuwasha upya

Kabla hujaandika amri yoyote, iwashe kompyuta upya kwa Restart. Nasema Restart, si Shut down, na hapa ndipo wengi wananibishia: "Fundi, mimi kila jioni naizima." Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida kumekuwa nusu kulala. Mfumo hufunga programu zako, lakini kiini chake pamoja na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, huhifadhiwa kwenye diski ili kesho kompyuta iwake haraka. Jina lake Fast Startup. Restart ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya.

Hili lina uzito wake. Kiondoa programu kikikuta faili linatumika, huwa kinaiachia Windows maagizo kwamba faili hilo lifutwe kompyuta itakapowaka tena. Maagizo hayo husomwa kwenye uwashaji wa kweli. Mtu anayefunika tu kifuniko cha laptopu yake, au anayezima kwa Shut down wiki nzima, hajayapa nafasi ya kusomwa. Wapo wateja ninaowaambia waguse Restart wakiwa bado wamesimama, na wanaondoka bila hata kukaa kwenye kiti.

Kama kiondoa programu kilikatika katikati, labda umeme ulikwenda au betri ilikata, njia safi ni kuisakinisha programu ileile, toleo lilelile, kisha kuiondoa vizuri mpaka mwisho. Inakera, na bando litaliwa, lakini inasafisha huduma (programu zinazoendeshwa kimyakimya nyuma ya pazia) na kazi za ratiba ambazo wewe kwa mkono hutaziona zote.

"Folder In Use"

Kidirisha kikiwa na kichwa hiki, au kikisema folda au faili lililomo limefunguliwa na programu nyingine, basi kuna aliyeishika, na wakati mwingine aliyeishika ni wewe. Dirisha la Command Prompt, lile jeusi la kuandikia amri, lililosimama ndani ya folda hiyo linatosha kuizuia isifutike, hata kama halifanyi lolote. Vivyo hivyo kile kidirisha cha pembeni kinachokuonyesha faili kabla hujalifungua. Kizime kwa Alt na P. Funga madirisha yote, ujaribu tena ukiwa umesimama folda moja juu.

Bado? Tazama kona ya chini kulia, karibu na saa, ubonyeze kale kamshale. Programu uliyoiondoa inaweza kuwa imeacha mtoto wake hapo. Mbofye kulia, umtoe. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, uende kwenye Details. Jina lolote usilolielewa libofye kulia uchague Open file location. Likikupeleka ndani ya ile folda iliyogoma, umemkamata. Muue kwa End task.

Akifufuka baada ya sekunde mbili, nyuma yake kuna huduma inayomfufua. Andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, utafute huduma yenye jina la programu au la kampuni iliyoitengeneza, uibofye mara mbili. Kwenye mstari wa Path to executable utaona faili lake linakaa wapi. Kama ni ndani ya folda yetu, isimamishe, uweke Startup type iwe Disabled, kisha rudi ukafute. Huduma iliyobaki yatima inaweza kuondolewa kabisa kwa Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator:

sc.exe stop JinaLaHuduma
sc.exe delete JinaLaHuduma

Jina linalotakiwa ni lile la Service name lililo juu kabisa, si lile la maonyesho. Na usiache hiyo .exe. Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri linalokuja na Windows, sc peke yake ni kifupi cha amri nyingine kabisa, inayoandika maneno ndani ya faili. Utaona imenyamaza, utadhani huduma imefutwa, kumbe umejitengenezea kijifaili kinachoitwa stop.

Usipomwona mshikaji kwa macho, mtafute kwa jina. Andika resmon, fungua Resource Monitor, ingia CPU, na kwenye sehemu ya Associated Handles andika jina la folda. Orodha itakuonyesha mchakato gani umefungua nini. Mimi napenda zaidi Process Explorer, ya mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft wenyewe, kwa sababu kwenye menyu yake ya Find inatafuta mafaili yaliyofunguliwa na pia DLL zilizopakiwa, yaani vile vipande vya programu ambavyo programu nyingine huviazima. Ni ndogo, haimalizi bando. PowerToys nayo ina kifaa kinachoitwa File Locksmith unachokipata kwa kubofya folda kulia, ni kitamu kukitumia, ila kupakua PowerToys nzima ni mamia ya megabaiti, na kwa mwanafunzi mwenye bando la siku sikushauri. Kuhusu zile programu ndogo za mtandaoni zinazojinadi kwamba "zinafungua" folda zilizogoma: nimeshasafisha kompyuta nyingi zilizoingiliwa na matangazo kwa njia hiyo, na leo sizigusi.

Halafu kuna mshikaji mmoja mwenye hila. Programu za kubana mafaili, za kuhifadhi nakala na antivairasi hupenda kujiongezea mstari kwenye menyu ya kubofya kulia. Ili mstari ule uonekane, DLL ya programu hupakiwa ndani ya explorer.exe, yaani lile dirisha lenyewe unalotumia kufuta. Hapo folda imeshikwa na mkono unaotaka kuifuta. Ukiona kila kitu kimefutika ikabaki DLL moja tu, uliza nani ameipakia:

tasklist /m jina.dll

Ikijibu explorer.exe, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, funga madirisha mengine yote, kisha andika haya, na penye Masalia uweke jina la folda yako:

cd \
taskkill /f /im explorer.exe
rd /s /q "C:\Program Files\Masalia"

Upau wa chini na picha zote za mezani zitatoweka. Usishtuke. Baada ya folda kufutika, fungua Task Manager kwa vitufe vyake vitatu, chagua Run new task, andika explorer, na kila kitu kitarudi. Mara ya kwanza kumfanyia mteja hili bila kumwonya, alishika kichwa kwa mikono miwili akadhani kazi zake zote zimekwenda. Siku hizi naonya kwanza.

Neno moja kuhusu rd /s /q. Haipeleki kitu Recycle Bin, haiulizi, hairudishi. Na zile alama za nukuu zinazofungia njia, yaani anwani kamili ya folda, ni lazima, kwa sababu Program Files ina nafasi katikati. Ukiziacha, amri itasoma vitu viwili: C:\Program, kisha Files\Masalia. Kwa bahati njema mara nyingi hakuna vyenye majina hayo, lakini kazi hii haifai kuendeshwa kwa bahati.

"Folder Access Denied"

Hapa maneno ni ya ruhusa. Kidirisha kikisema tu kwamba inahitajika ruhusa ya msimamizi, na kuna kitufe cha Continue, kibonyeze. Kama akaunti yako si ya msimamizi utaombwa nywila ya aliye nayo. Kompyuta ya ofisi ya serikali, iwe Mtumba au kwingine, usiniletee kwa ajili hiyo. Kitengo cha TEHAMA cha ofisi yako kipo, na ruhusa ile imezuiwa kwa makusudi.

Kikisema unahitaji ruhusa kutoka SYSTEM, ambayo ni akaunti ya Windows yenyewe, au kutoka kwa tarakimu ndefu zinazoanzia S-1-5-21, habari ni nyingine. Hizo tarakimu ni akaunti ambayo Windows hii haiijui, kwa mfano ya Windows ya zamani iliyofutwa, au diski iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine. Mwenye folda ameshakufa na jina lake halisomeki. Ni halali kabisa kuirithi.

Kikisema TrustedInstaller, simama kwanza. Huyo ndiye mwenye vipande vya Windows yenyewe. Programu uliyosakinisha mwenyewe kwa kawaida haikai chini yake, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa unataka kufuta kitu cha mfumo kwa kudhani ni masalia. Nimeona watu wakihangaika na folda ya Windows Defender kwa saa nzima.

Ila kabla hujakimbilia kumiliki, jua kwamba maneno haya ya kunyimwa ruhusa yana kawaida ya kudanganya. Ukijaribu kufuta faili la exe linaloendeshwa sasa hivi, au DLL iliyopakiwa, kwenye Command Prompt utajibiwa "Access is denied", wala halisemi kwamba linatumika. Mtu anasoma hivyo, anabadilisha ruhusa za folda nzima, bado inagoma, anabadilisha tena. Tatizo halikuwa ruhusa hata chembe. Kwa hiyo ikiwa kilichobaki ni exe au dll, pitia kwanza yale ya sehemu iliyopita.

Ukishahakikisha ni ruhusa kweli, amri ni hizi, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

takeown /f "C:\Program Files\Masalia" /r /d y
icacls "C:\Program Files\Masalia" /grant *S-1-5-32-544:F /t
rd /s /q "C:\Program Files\Masalia"

Ya kwanza inakufanya mmiliki wa folda na kila kilichomo. Ya pili inawapa wasimamizi wote mamlaka kamili. Zile tarakimu ndilo jina la kundi la wasimamizi, halibadiliki hata Windows ikiwa ya lugha gani. Watu husahau ya pili, wakashangaa kwamba wanamiliki na bado wanakataliwa. Kumiliki ni kupata haki ya kubadilisha ruhusa. Ruhusa yenyewe bado hujaipata.

Na tafadhali, amri hizo ni za folda moja, ile iliyogoma. Kijana mmoja alizielekeza kwenye Program Files yote "ili nisisumbuke tena siku nyingine". Programu zake za Store zikaanza kugoma kufunguka moja baada ya nyingine, kwa sababu WindowsApps imo humohumo na ruhusa zake zina mpango wake. Mwisho wake ilibidi Windows iwekwe upya. Hiyo siku nyingine aliyokuwa anaiogopa ilifika jioni ileile.

Antivairasi ni kesi ya peke yake. Imetengenezwa ili hata msimamizi asiweze kuigusa, maana kirusi kikiingia huwa kinajaribu kuwa msimamizi. Ikiacha folda, na ulinzi wake bado unaendeshwa na draiva, takeown itagonga ukuta. Kampuni nyingi za antivairasi hutoa kifaa chao rasmi cha kusafisha masalia. Kitafute kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwingine usikanyage, na mara nyingi watakuambia ukiendeshe ndani ya Safe Mode.

Safe Mode ni chumba ambacho Windows inawaka na draiva za lazima tu, huduma nyingi za wageni zikiachwa nje. Unaingia kwa kushikilia Shift huku unabofya Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, na orodha ikija unabonyeza 4. Mara nyingi folda iliyotesa siku nzima hufutika humo kwa Delete ya kawaida. Lakini laptopu nyingi za sasa diski yake imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na ukipita njia hiyo inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Uhakikishe unaupata kabla hujabofya Restart. Yupo mwenye laptopu iliyoanzishwa kwa barua pepe ya muuzaji wa dukani, na ile safari ya kumtafuta muuzaji sitaki hata kuisimulia.

"Item Not Found"

Hiki ni kichekesho. Folda unaiona kwa macho, ukiifuta Windows inasema haipo. Sababu karibu kila mara ni jina. Windows hukata nukta na nafasi zilizo mwishoni mwa jina, kwa hiyo folda iliyotengenezwa na programu ikiitwa data kisha nafasi moja, ukitaka kuifuta mfumo unakwenda kutafuta data bila nafasi, na kweli hiyo haipo. Majina kama con, nul, aux na lpt1 nayo yametengwa kwa vifaa tangu enzi za DOS. Baadhi ya programu za kukinga fleshi na virusi ziliyatumia makusudi kutengeneza folda ya autorun.inf isiyofutika, na ukiondoa programu ile folda inabaki. Kwa fleshi zinazozunguka kwenye steshenari zetu, hizi bado nazikuta.

Dawa ni kuiambia Windows isilichezee jina, ilichukue lilivyo, kwa kutanguliza alama nne mbele ya njia:

rd /s /q "\\?\C:\Program Files\Masalia\data "

Ile nafasi kabla ya alama ya kufunga ndiyo kiini cha amri yote. Kama hujui mwisho wa jina kuna nini, dir /x itakuonyesha jina fupi la folda, lenye alama ya wimbi na namba, pale ambapo diski hutunza majina mafupi. Hilo unaweza kulifuta moja kwa moja.

Jina refu na folda isiyoisha

Wanafunzi wanaojifunza kutengeneza tovuti huja na hili. Njia nzima ya faili, kuanzia C: mpaka herufi ya mwisho, kwa kawaida haitakiwi kuzidi herufi 260. Vifaa vyao hutengeneza folda ndani ya folda mpaka mpaka huo unapitwa, na dirisha la kawaida linashindwa kufuta. Fupisha majina ya folda za juu ziwe herufi moja moja, au tumia ujanja huu wa folda tupu:

md C:\tupu
robocopy C:\tupu "C:\Masalia" /mir /xj

Robocopy inaifanya folda ya pili ifanane na ya kwanza, na kwa kuwa ya kwanza haina kitu, ya pili inabaki mifupa. Kisha futa zote mbili kwa rd. Ukizigeuza nafasi zake, hakuna kitakachofutika, ila folda ya tupu itajaa. Ukikosea jina la ile ya pili, ndiyo kilio.

Jibu la "The directory is not empty" baada ya rd, huku ukiitazama folda haina kitu, lisikutishe. Faili likifutwa huku kuna mchakato umelifungua, jina lake hubaki likining'inia mpaka mshikaji aachie. Mara nyingi mshikaji ni antivairasi inayokagua au kiorodheshi cha utafutaji. Subiri kidogo, rudia amri ileile. Mafaili ambayo hata sifa zake hazifunguki, na Restart ikiyapangusa yote, nayo ni ya ukoo huo.

Na ukikutana na namba 0x80070570, au maneno kwamba folda imeharibika na haisomeki, acha kufuta. Hapo ni mfumo wa diski. Mkulima mmoja wa zabibu kutoka Hombolo alikuwa na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika nayo inakatika, na folda kama hizo zikazaliwa kila mwezi. Nakili kwanza vitu vyako vya thamani, ndipo uendeshe chkdsk C: /f, ujibu Y, uwashe upya, uiache imalize hata ikichukua saa mbili.

Folda inayorudi

Hii ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa hakuna kidirisha cha kusoma. Inafutika kwa heshima zote, halafu inarudi. Ikirudi, ibofye kulia, fungua Properties, utazame saa ya Created. Saa hiyo ndiyo shahidi wako. Ikiwa ni dakika ileile uliyoingia kwenye akaunti, kuna kitu kinachoanza pamoja nawe. Kitafute kwenye Startup apps ndani ya Task Manager. Ikiwa ni saa kamili kila siku, mathalani saa sita mchana, ni kazi ya ratiba. Fungua taskschd.msc, au uliza:

schtasks /query /fo list /v | findstr /i masalia

Programu za kijanja zilizowashwa kwa funguo za wizi hupenda sana njia hii, na Defender ikizifuta zinajirudisha. Futa kazi ya ratiba kwanza, folda baadaye.

Mwalimu mmoja kutoka Kongwa alikuja na folda ya programu ya modemu yake ya zamani ya intaneti. Alishaifuta mara tatu. Nilitazama Created, ikawa saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Mwalimu, saa nne na dakika kumi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natuma matokeo ya wanafunzi."

"Kwa intaneti ya simu?"

"Kwa modemu." Akanyamaza. "Ahaa."

Modemu nyingi za namna ile zimebeba programu yake ndani yake. Ukiichomeka, kwanza inajionyesha kwa kompyuta kama CD, programu inajisakinisha, ndipo inageuka kuwa modemu. Kila alipoichomeka alikuwa anairudisha mwenyewe folda aliyoifuta. Tuliitoa modemu, tukaondoa programu, tukazima AutoPlay (inayofungua CD au fleshi yenyewe ukiichomeka) kwenye Settings, tukawasha upya, tukafuta. Kisha nikamtengenezea muunganisho wa kawaida wa kupiga simu wa Windows wenye namba *99#, ili modemu ifanye kazi kwa draiva tu, bila programu yake. Aliichomeka mbele yangu, CD ikatokea, hakuna kilichojisakinisha. Tukasubiri kidogo, tukafungua Program Files. Folda haikuwapo, akalipa, akawahi basi.